Mguu wa Klachi

Mume wangu aliponiambia anataka kununua gari, nilidhani anazungumzia gari la kutupeleka dukani. Tulikuwa tumeishi Farsta, Uswidi, miaka mingi bila gari. Treni iko jirani, maduka yako jirani, na yeye ni mtu anayeweza kukueleza kwa utulivu, kijiko mkononi, kwa nini mwenye akili timamu hahitaji gari katika mji wenye treni. Alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji. Alikuja huku kijana, kusoma, akitokea Same. Mimi nilikuja baadaye, nikitokea Tanga, kujifunza kutengeneza meno ya bandia, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yangu. Tulikutana kanisani, tukaoana, tukapata binti mmoja. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akinunua kitu asichokihitaji. Hata soksi alinunua pale zile za zamani zilipokataa kabisa kuitwa soksi.

Kwa hiyo nikasema sawa, na hapo hapo nikaanza kupendekeza: dogo, la umeme, lenye buti ya kutosha mifuko ya wiki.

"Si gari la namna hiyo," akasema. "Vaa viatu, nikuonyeshe."

Hatukwenda mbali. Tulishuka mpaka maegesho yaliyo chini ya jengo letu. Kwenye kona ya mwisho, mzee mmoja wa Kiswidi, jirani yetu wa ghorofa ya pili, alikuwa akitusubiri ameegemea fimbo yake. Alikuwa anahamia nyumba ya wazee mwezi uliofuata. Pembeni yake palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai la kijivu ambalo nilikuwa nikilipita kila siku bila kujiuliza lina nini ndani. Yeye na mume wangu wakalivuta, kila mmoja upande wake, wakalikunja kwa makini kama watu wawili wanaokunja shuka.

Lilikuwa gari la michezo la Kimarekani, la miaka ya sitini: milango miwili, boneti ndefu, mkia mfupi. Waswidi wana wazimu wao na magari hayo. Wanayaita jänkare, na majira ya joto utayaona yakipita mjini taratibu, viwiko vimetolewa madirishani, muziki uko juu. Lakini hayo huwa yanang'aa. Hili lilikuwa na rangi nyekundu iliyobabuka, na palipobabuka pakaonekana kijani cha zamani chini yake. Matairi yalikuwa yamelala. Bampa la mbele lilikuwa limeliwa na kutu. Kiti cha dereva kilikuwa kimepasuka, na ndani ya mpasuko panya walikuwa wameshalea vizazi.

"Kwa nini?" nikamuuliza mume wangu kwa Kiswahili, ili mzee wa watu asielewe.

Nilitegemea hadithi. Nilidhani ataniambia aliliona kwenye kalenda akiwa mtoto, au mwalimu fulani alikuwa na la namna hiyo. Aliliangalia gari, akajikuna shingo, akasema, "Ni zuri."

Basi. Lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, akakwepa macho yangu, na mimi niliyezoea kumwona ana hoja ya kila jambo nikajikuta nimeshakubali. Jirani yetu aliweka sharti moja: lisikatwekatwe na kuuzwa vipande. Mume wangu akampa mkono. Mzee akaushika muda mrefu, kisha akaondoka na fimbo yake kuelekea kwenye lifti bila kugeuka nyuma.

*

Kwenye maegesho hayo hairuhusiwi kufanya ufundi, kwa hiyo gari lilivutwa mpaka Fittja, upande mwingine wa mji. Huko, mtu mmoja tunayesali naye, Mkongo wa Lubumbashi, fundi wa kuchomelea, alikuwa amekodi karakana na alikuwa na nafasi ya gari moja. Ni mtu mpana, mpole, mwenye vidole vinene kama ndizi mzuzu, na hupenda kuimba sauti ya besi akiwa amevaa kofia ya kuchomelea, kwa hiyo uimbaji wake hukujia kama umetokea ndani ya mtungi.

Siku ya kwanza alilala chini ya gari akiwa na bisibisi. Alipoigonga sakafu ya upande wa dereva, bisibisi ilipita mpaka ndani, nikaiona ncha yake ikichungulia palipopaswa kuwa na zulia. Mume wangu alifumba macho.

"Mama, usiogope," Mkongo akaniambia kutoka chini, kana kwamba gari ni langu. "Hapa ndiko kumeoza tu. Mifupa yake iko muzima kabisa. Tutakata, tutaweka bati mupya. Voilà."

Binti yetu alikuwa na sisi siku hiyo. Yeye ni fundi umeme, hufanya kazi kwenye karakana ya treni. Alizaliwa hapa, akakulia hapa, na tangu akiwa mdogo ukimuuliza kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiswidi. Nilikuwa nimeshaacha kugombana naye kuhusu hilo. Alilizunguka gari mara kadhaa, mikono mifukoni, kisha akaanza kutaja anachotaka kubadilisha: breki za ngoma zitoke, ziwekwe za diski, mikanda ya kiunoni itoke, iwekwe ya kisasa, mfumo wa kuwasha uwe wa kielektroniki, na usukani uwekewe pawa.

"Hakuna kitakachobadilishwa," baba yake akasema. "Litarudi kama lilivyotoka kiwandani. Hata rangi. Litakuwa kijani."

"Baba, lilivyotoka kiwandani lilikuwa linaua watu," akajibu kwa Kiswidi.

"Mimi sitakwenda kasi."

"Wenzako barabarani watakwenda kasi."

Mabishano hayo yaliendelea majira mawili ya baridi. Kila Jumamosi walikwenda Fittja pamoja, wakibadilisha treni Gamla stan, na kila jioni walirudi wakiwa wamenuniana na kunuka grisi, na Jumamosi iliyofuata walikwenda tena. Nilishangaa kwa nini binti, mtu mzima mwenye chumba chake na marafiki zake huko Hjulsta, anatumia siku yake ya mapumziko kubishana na baba yake kuhusu breki. Nilimuuliza siku moja kwenye simu. Akanijibu, kwa Kiswahili, "Mama, pale ndipo Baba anaongea."

Ilikuwa kweli. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Karakanani alikuwa hanyamazi. Na kwa kuwa Kiswidi chake kilikuwa cha mabomba na mikutano, si cha magari, na Mkongo alijua vitu vyote kwa Kifaransa, ilibidi binti yetu afanye kazi kwa Kiswahili, atake asitake. Spana aliita spana. Lakini vipo vitu ambavyo kila mmoja alikuwa na jina lake, na walipoishiwa walinyoosha kidole na kusema "kile kidude," na wote watatu wakajua ni kidude gani.

*

Mimi nilivutwa na usukani. Siku moja mume wangu aliurudisha nyumbani ndani ya mfuko wa dukani na kuuweka juu ya meza ya kulia. Ulikuwa mwembamba, mkubwa, mzuri kwa kweli, lakini umepasuka sehemu nyingi, nyufa pana za kuingiza ukucha.

"Mpya haupatikani," akasema kwa huzuni. "Zipo za kuigiza tu."

Nikauinua, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Plastiki ngumu, kiini cha chuma, ufa uliotokana na baridi na uzee. Nikamwambia, "Huu ni kama meno ya bibi yeyote anayeletwa kwangu Jumatatu."

Nilizipanua nyufa kwa keekee yangu ndogo, nikazisafisha, nikazijaza kidogo kidogo, nikaacha zikauke, nikasugua kwa msasa, kisha kwa unga wa kung'arishia. Nilikaa nao jioni kadhaa pale mezani huku mume wangu akipita nyuma ya kiti changu kila mara akijifanya anatafuta miwani. Nilipomaliza, alipitisha kidole kuuzunguka wote akitafuta palipokuwa pamepasuka. Hakupapata. Akaubusu usukani, halafu akakumbuka nani ameutengeneza, akanibusu na mimi.

Baada ya hapo nikawa nakwenda Fittja nao. Nilipewa kila kitu cha kung'arishwa: fremu za taa, vishikio vya milango, vifuniko vya magurudumu. Bampa lenyewe tulilipeleka kwa wataalamu, lilikuwa limezidi uwezo wangu. Nilikaa kwenye stuli karibu na hita, nikisugua, nikisikiliza besi kutoka ndani ya kofia ya chuma, na mume wangu na binti wakigombana kwa adabu ndani ya boneti. Nilibeba chai ya tangawizi kwenye chupa, na maandazi. Ni aibu kusema, lakini sikumbuki wakati mwingine katika maisha yetu ya Uswidi ambapo tulikaa sisi watatu chumba kimoja siku nzima na hakuna aliyetaka kuondoka.

Injini iliwaka mara ya kwanza katikati ya msimu wa pili. Ina silinda nane. Mkongo alikuwa amesimama na kizima moto mkononi, binti akiwa kwenye kabureta, mume wangu ndani. Ilikohoa, ikapiga risasi moja nyuma iliyonifanya nimwage chai, ikazima. Ikakohoa tena. Halafu ikashika, na karakana nzima ikajaa ngurumo nzito yenye mapengo, mpaka spana zikacheza ukutani. Nilimwangalia mume wangu kupitia kioo cha mbele. Alikuwa ameshika usukani mikono miwili, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta kwa sababu hakutaka kuuachia.

Lilikuwa tayari kijani. Lilikuwa na breki za ngoma, usukani mzito na gia nne za mkono, kama alivyotaka. Kilichobaki ni mkeka wa ndani, na ukaguzi.

*

Februari ile, asubuhi moja, alikuwa ameketi kwenye kibao cha mlangoni akifunga kamba za kiatu. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akisema kitu ambacho hakikuwa neno. Nilipotoka, alikuwa bado ameketi, kamba mkononi, ananiangalia kwa mshangao, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka.

Gari la wagonjwa lilifika upesi. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, na mimi namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Kauli ilirudi, ya kukwaruza mwanzoni, kisha ya kawaida. Akili haikuguswa. Lakini kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ulifunga na kufungua kwa shida, na mguu wa kushoto aliuburuta kama mtu anayevuta mtoto asiyetaka kwenda shule.

Alirudi nyumbani theluji ikianza kuyeyuka. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha gari lolote mpaka atakapopimwa tena na kupewa ruhusa. Alifanya mazoezi yake, alimeza dawa zake, alikaa dirishani. Binti alikuja kila jioni baada ya kazi. Hakuna aliyelitaja gari. Lilikuwa kama jamaa aliyefanya jambo la fedheha, ambaye jina lake halitamkwi mezani.

Siku moja akalitaja mwenyewe. Tulikuwa tunakula.

"Mwambieni yule bwana wa Fittja atafute mnunuzi," akasema. "Nafasi yake anaihitaji."

Binti aliweka uma chini. "Kwa nini?"

"Mguu wa klachi ndio huu." Akalipiga paja la kushoto. "Hata daktari akiniruhusu, nitakanyaga na nini?"

Niliogopa binti atalia. Badala yake aliinuka, akaleta simu yake, akaanza kuzungumza Kiswidi kwa kasi, halafu akajizuia, akavuta pumzi, akaanza upya kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno. Alisema magari yale yale, ya mwaka ule ule, mengine yalitoka kiwandani na gia za otomatiki. Gia boksi ya aina hiyo Mkongo ameshaipata kwa mtu anayemfahamu, nzima. Italingana na injini. Propela, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, itabidi ikatwe kidogo. Pedali ya klachi itatoka, ya breki itakuwa pana. Usukani utawekewa pawa ili mkono mmoja utoshe. Na breki za diski, hapo alimtazama baba yake moja kwa moja, kwa sababu hatakubali baba yake apande gari la breki za ngoma, basi.

Nikagundua kwamba hakuwa ameanza kulifikiria jana. Wakati sisi tunakaa kimya, yeye na Mkongo walikuwa wanapima.

"Halitakuwa lile," mume wangu akasema.

"Litakuwa lile."

"Nimempa yule mzee mkono wangu."

"Ulimpa mkono kwamba hutaliuza vipande," nikasema mimi. "Leo unataka kuliuza zima na roho yako ndani yake."

Alinigeukia. Nilikuwa sijawahi kuingilia mabishano yao ya gari; hayo yalikuwa yao. Lakini nilikuwa nimechoka kumwona dirishani.

"Baba," nikamwambia, ndivyo ninavyomwita tangu binti azaliwe, "mimi nimetengeneza meno ya watu tangu nifike nchi hii. Hajawahi kuja mtu hata mmoja akaniambia, niache na pengo langu kwa sababu ndilo la asili. Wanataka kula nyama. Nawatengenezea, wanakula nyama, wanasahau kama ni ya bandia. Wewe unataka kuliangalia gari au unataka kuliendesha?"

Mdomo wake, ambao upande mmoja ulikuwa bado mzito, ukaanza kupinda. Nilidhani ni kilio. Kumbe alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Februari, kicheko cha upande mmoja kilichomwaga mchuzi kwenye shati.

"Kwa hiyo mnalitia meno ya bandia," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe leseni yako ni ya otomatiki tu. Usidhani sijaona unakokwenda."

Naapa sikuwa nimelifikiria hilo. Leseni niliipata ukubwani, kwa taabu, kwa ajili ya kazi, na huku ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, la gia za mkono huruhusiwi. Lakini aliposema hivyo, nilihisi uso unapata joto.

*

Walikubaliana kwamba vitu vyote vya zamani vitakavyotolewa vitapakwa mafuta na kutunzwa. Hilo lilimtuliza. Mkongo alimtengea kiti chenye mikono, akakiweka mahali anapoweza kuona chini ya gari, na kutoka kwenye kiti hicho mume wangu aliongoza kazi kama mwamuzi wa mpira.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amempa shanga za kuokota kwa mkono wa kushoto, kuzitoa bakuli hili kuzitia lile. Nyumbani alizichukia. Karakanani, Mkongo alimwaga mbele yake ndoo nzima ya nati na boliti zilizochanganyika miaka na miaka.

"Mzee, nisaidie. Kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Mimi sina nafasi."

Mume wangu alianza kwa mkono wa kulia. Mkongo akaja, akaushika ule wa kulia kwa upole, akauweka mapajani kwa mwenyewe, akarudi kuimba. Tangu siku hiyo mume wangu alichambua nati kwa mkono wa kushoto tu. Nyingi zilidondoka. Binti alijifunza kufanya kazi bila kugeuka kila anaposikia chuma kinagonga sakafu. Hilo, nadhani, ndilo lilikuwa gumu kwake kuliko gia boksi. Kufika majira ya kiangazi, mume wangu aliweza kuingiza nati kwenye boliti na kuizungusha mpaka mwisho. Ya kwanza ilimchukua muda mrefu sana, na alipomaliza aliinyanyua juu, haikudondoka. Mkongo alizima redio, tukapiga makofi.

Kazi yenyewe haikwenda kwa ulaini. Propela ilikatwa ikawa fupi mno, ikabidi itafutwe nyingine. Pampu ya usukani ilivuja, ikarekebishwa, ikavuja mahali pengine. Binti alipomaliza nyaya zake mpya, taa zilifanya kazi, vifuta mvua vilifanya kazi, na honi ikalia kila ulipokata kona kushoto. Alikaa chini ya dashibodi Jumamosi mbili akitafuta sababu, akitukana kwa Kiswidi, na baba yake pale kitini akajifanya haelewi.

Kwenye ukaguzi, mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi. Alipita chini, akapita juu, akaangalia kila kilichobadilishwa, akamuuliza binti maswali mengi, na binti akajibu yote mikono ikiwa nyuma kama mwanafunzi. Breki ya mkono haikumridhisha, tukarudishwa. Tuliporudi mara ya pili alisema imepita. Kisha, alipokuwa akimkabidhi mume wangu funguo, akasema gari ni zuri.

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Ndiyo sababu."

*

Ruhusa ya daktari ilichelewa mpaka mwaka uliofuata, kwa hiyo wa kwanza kuliendesha barabarani nilikuwa mimi. Nilikuwa naogopa vibaya. Boneti ni ndefu kiasi kwamba mbele ya gari inafika kwenye kona kabla hujafika wewe. Mume wangu alikaa pembeni yangu na kunishauri tangu Fittja mpaka Farsta, na nilipomwambia aninyamazie, alinyamaza, akaanza kushauri kwa mikono.

Alipopata ruhusa, alifanya kwanza masomo na mwalimu wa udereva, akiwa na umri ule, na nywele zile nyeupe. Halafu ikaja Jumapili moja ya Mei, jua limetoka, miti imeanza kuwa na majani. Alivaa koti lake zuri. Alikaa nyuma ya usukani, mkono wa kulia juu, wa kushoto umepumzika chini yake ukisaidia kadiri unavyoweza, na mguu wa kushoto ukakaa sakafuni bila kazi. Alitupeleka kanisani. Binti alikaa nyuma, magoti yamegusa kidevu, kwa sababu nyuma ya magari hayo pametengenezwa kwa ajili ya watu wasio na miguu. Alikwenda polepole. Tulipitwa na mabasi. Kila tulipofika kwenye kona nilimwona anaikata taratibu, kwa heshima, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Nilipogeuka nyuma, binti alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo na anatabasamu peke yake.

Baada ya ibada hapakuwa na aliyekumbuka kahawa. Watu wote walikuwa uwanjani wamelizunguka. Wakenya walikuwa wanaongea Kiingereza na kupiga picha. Mama mmoja Mrundi alitaka kujua kama linakula mafuta mengi, na alipojibiwa alipiga kelele. Mkongo alikuwa amechuchumaa na suti yake ya Jumapili, akiwaonyesha vijana mahali alipochomelea, akiwaambia wapapase, na vijana walipapasa wakasema hawaoni kitu, naye akafurahi sana kwa kuwa hawaoni kitu. Mchungaji aliomba kukaa ndani. Alikaa, akashika usukani, akauliza kama huu ndio wa asili.

"Wa asili kabisa," mume wangu akasema. "Ila umewahi kwenda kwa daktari wa meno."

Siku hizi linatoka kuanzia Mei mpaka Septemba. Baridi ikianza na chumvi ikamwagwa barabarani, linalala Fittja. Bado linavuja mafuta kidogo. Bado Jumamosi wanakwenda, na mimi nakwenda. Sasa ugomvi ni wa redio: binti anataka ya kisasa, iliyofichwa ndani ya ya zamani, na baba yake anasema injini ndiyo redio. Mguu wake umekuwa imara zaidi, ingawa bado anauburuta akichoka. Mimi naendesha tukienda mbali. Yeye anaendesha mjini, kwa sababu mjini kuna taa za barabarani, na anapenda taa za barabarani. Tukisimama kwenye nyekundu, lazima mtu wa gari la pembeni atashusha kioo na kumuuliza ni la mwaka gani. Mume wangu, mtu wa maneno machache, naye hushusha chake na kuanza kumweleza, gia boksi, breki, binti yangu, mke wangu, na taa hugeuka kijani, na walio nyuma yetu huanza kupiga honi.